Programu ya Windows haioni D kwenye Linux: je, madeni ya dagaa yamepotea?

"Shikamoo fundi. Natunza hesabu za mzee mmoja anayenunua dagaa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma. Tangu 2009 tunatumia programu ndogo ya stoo na madeni tuliyotengenezewa na kijana ambaye siku hizi hapatikani. Ni ya Windows. Juzi kati kompyuta ilijaa virusi, fundi akaiondoa Windows akaweka Linux Mint, akasema programu yetu itaendeshwa na kitu kinaitwa Wine. Kweli inafunguka, lakini ikifika kwenye madeni inasema haioni D:\DAGAA\Madeni. Ripoti nilizohifadhi kwenye C baada ya Linux kuwekwa nazo sizioni popote. Nimeandika njia hiyo ya D kwenye ile skrini nyeusi ya Linux, inakataa. Halafu kuna asubuhi nilifungua diski inaitwa DATA nikaiona folda ya DAGAA kwa macho yangu, sasa sielewi. Na risiti nilizoskani baada ya hapo, nyingine programu inazifungua, nyingine inagoma. Fundi wa pili kaniambia Wine yenyewe ni virusi, turudishe Windows. Mzee anauliza madeni ya watu yako wapi na mimi sina jibu. Je, yamepotea?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na mzee, maana yeye ndiye anayekunyima usingizi. Kwa ulivyoeleza, madeni yapo. Umeiona folda ya DAGAA kwa macho yako ndani ya diski ya DATA, na kilichofutwa hakionekani hivyo. Fundi wa kwanza aliondoa sehemu ya Windows akaiacha sehemu ya pili ya diski, ile mliyokuwa mkiiita D. Shida yenu ni ya anwani. Programu inauliza mahali kwa jina la zamani, na kwenye kompyuta hiyo hakuna tena anayelijua jina hilo.

Ila kabla hujaendelea kusoma, nakuomba kitu kimoja. Ifunge hiyo programu. Na ikiwahi kukuuliza kama itengeneze faili jipya la madeni, jibu hapana. Sababu nitakupa huko chini, na nilijifunza kwa kuumia.

Sasa tuelewane kuhusu anwani zenyewe. Wewe uko Kibirizi, kwa hiyo fikiria mitumbwi. Kwenye Windows kila diski ni mtumbwi wake, na kila mtumbwi una herufi: C, D, E. Ukitaka mzigo unasema kwanza mtumbwi gani, halafu sehemu gani ndani ya mtumbwi. D:\DAGAA\Madeni maana yake ni panda mtumbwi D, tafuta DAGAA, ndani yake tafuta Madeni. Mitumbwi hiyo haina mwanzo mmoja inayochangia. C haiko ndani ya D, wala D haiko ndani ya C.

Linux haijui mitumbwi. Linux ni reli. Kuna stesheni moja tu ya kuanzia, inayoandikwa kwa alama ya mkwaju peke yake, /, na kila kitu kinahesabiwa kutoka hapo, kama vile kutoka Dar es Salaam unavyopita Morogoro, Dodoma na Tabora mpaka ufike kwenu mwisho wa reli. Diski ya pili haipewi herufi. Inafungwa gatini mahali fulani kwenye reli hiyohiyo. Kwenye Mint, ukiibofya diski ya DATA, inafungwa kwenye /media/stoo/DATA, ambapo "stoo" ni jina unaloingilia kwenye kompyuta. Lako linaweza kuwa jingine. Kwa hiyo folda uliyoijua kama D:\DAGAA\Madeni, kwa lugha ya Linux ni /media/stoo/DATA/DAGAA/Madeni. Mzigo ni uleule. Kilichobadilika ni namna ya kumwelekeza mtu.

Herufi hizi zilirithiwa kutoka mifumo ya zamani ya kompyuta ndogo. A na B zilikuwa za disketi, ndiyo maana diski kuu ya kompyuta ikaanzia C mpaka leo, wakati disketi wenyewe vijana wa sasa hawajawahi kuishika. Na DOS ya kwanza, mfumo uliotangulia Windows, ya 1981, haikuwa na folda kabisa. Folda zilikuja na DOS 2.0 mwaka 1983, na wakati huo mkwaju wa kawaida ulikuwa umeshapewa kazi ya kutenga chaguo za amri, mfano DIR /W. Wakachukua mkwaju wa kinyume, \, wakautumia kutenganisha folda. Unix, ambayo Linux inafuata nyayo zake, ilikuwa inatumia / kwa kazi hiyohiyo tangu miaka ya 1970. Ndio huo mkwaju uliokugeuka kwenye skrini nyeusi.

Hebu irudie ile njia uliyoandika, ukitanguliza ls, amri ya kuorodhesha mafaili, halafu usome vizuri ujumbe unaokuja. Ukiandika

ls D:\DAGAA\Madeni

Linux inakujibu kwamba haioni kitu kinachoitwa D:DAGAAMadeni. Umeona? Mikwaju imeliwa. Kwenye terminali ya Linux, yaani hiyo skrini nyeusi, mkwaju wa kinyume una kazi nyingine: unaiambia terminali ichukue herufi inayofuata kama ilivyo, kisha wenyewe unatoweka. Kwa hiyo Linux haikukataa njia yako. Haikuiona kabisa, iliona neno moja refu lisilo na maana. Na hata kama mikwaju isingeliwa, bado hakuna D huko. Anayeijua D ni Wine peke yake.

Wine basi ni nini? Wengi wanadhani ni Windows ndogo iliyofichwa ndani ya Linux. Sivyo. Wine ni mkalimani. Programu yako inapiga hodi kwa lugha ya Windows, "nifungulie D:\DAGAA\Madeni", na Wine inaigeuza kwa lugha ya Linux, inakwenda kulichukua faili, inalirudisha na jibu kwa lugha ya Windows. Programu haijui kwamba Windows haipo. Kazi hii ilianza mwaka 1993, na toleo walilothubutu kuliita 1.0 lilitoka Juni 2008, miaka 15 baadaye. Ukalimani huu si mchezo.

Mkalimani naye ana daftari lake la majina, na hapo ndipo penye jibu lako. Ndani ya folda yako ya nyumbani kuna folda iliyofichwa inaitwa .wine. Imefichwa kwa sababu jina linaanza na nukta. Fungua kidhibiti cha mafaili, bonyeza Ctrl na H kwa pamoja, utaiona. Ndani yake kuna folda inaitwa dosdevices. Ifungue, ni ndogo, haitishi. Utakuta vitu vyenye majina kama c: na z:. Hivyo si diski. Ni vielekezi tu, kama kibao cha njiapanda. Kielekezi cha c: kinaelekea folda ya jirani inaitwa drive_c, na cha z: kinaelekea / yenyewe, stesheni ya mwanzo. Programu ikisema C, Wine inatazama kibao cha c: na kukifuata. Ikisema D, inatafuta kibao cha d:. Kwenu, ama hakuna, ama kipo kinaelekea kwenye CD, kwa kuwa Wine yenyewe huwa inagawa herufi kwa CD na flashi inazozikuta. Programu inaambiwa hakuna, nayo inakuletea wewe habari hiyohiyo.

Ripoti ulizohifadhi kwenye C nazo umezipata papo hapo. C ya Wine ni folda ya drive_c. Kama uliandika C:\ripoti.txt, liko kwenye .wine/drive_c/ripoti.txt. Kama hukuchagua mahali, tazama ndani ya folda ya programu yenyewe, huenda ni chini ya "Program Files (x86)", kwa sababu programu za enzi hizo zilipenda kuandika palepale zilipokaa. Hukuziona ulipotafuta kwa sababu kidhibiti cha mafaili hakiingii kwenye folda zilizofichwa mpaka ukiambie.

Sasa tutengeneze. Kwanza nakala, na hapa niende polepole kwa sababu nimeona watu wakikwama.

Folda ya DAGAA inakili kwenye flashi au diski ya nje kama kawaida. Lakini folda ya .wine usiivute tu kwenye flashi. Flashi nyingi za dukani zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, na mipango hiyo hairuhusu nukta pacha (:) kwenye jina wala haijui vielekezi. Sasa wewe una vitu vinavyoitwa c: na z:. Kunakili kutagoma katikati, utadhani kompyuta imekufa. Na usiifunge kwa zip ya kwenye terminali, kwani zip huwa inavifuata vielekezi, itafika kwenye z: ianze kuzoa kompyuta nzima. Fungua terminali ukiwa kwenye folda yako ya nyumbani, andika

tar czf nakala-wine.tar.gz .wine

Utapata faili moja, na vielekezi vitabaki vielekezi. Hilo ndilo unalolipeleka kwenye flashi. Likizidi GB 4, flashi ya FAT32 italikataa kwa ukubwa wake, tafuta diski iliyopangwa vingine. Kwa programu ndogo kama yenu sitarajii lifike huko.

Pili, fungua kidhibiti cha mafaili uibofye diski ya DATA. Usiruke hatua hii. Hapa ndipo ile asubuhi yako ya ajabu inapoelezeka: Mint kwa kawaida haifungi gatini diski ya pili mpaka mtu aibofye. Siku uliyoibofya, mtumbwi ulikuwa umefungwa, ukaona DAGAA. Siku nyingine ulikuwa bado unaelea, na kibao chochote kinachoelekea huko kingeelekeza kwenye maji matupu. Baadaye tutaufanya ufungwe wenyewe kompyuta ikiwaka.

Tatu, kwenye terminali andika winecfg. Litafunguka dirisha lenye vichupo, chagua kinachoitwa "Drives". Kama D imeshikwa na CD ambayo hamuitumii, iondoe au uibadilishe. Ongeza herufi D, na kwenye nafasi ya njia uweke

/media/stoo/DATA

Simama hapo hapo. Usiweke /media/stoo/DATA/DAGAA. Najua kidole kinawasha kuongeza DAGAA, maana ndiko vitu viliko. Lakini programu inasema D:\DAGAA\Madeni, kwa hiyo DAGAA itaitaja yenyewe. D inatakiwa ielekee mahali palipo juu ya DAGAA, mlango mmoja nyuma. Ukiipeleka ndani, programu itatafuta DAGAA ndani ya DAGAA, na haitaikuta.

Hapa ndipo nilipoumia. Miaka kadhaa nyuma hapa Tabora niliitwa na kikundi cha wafugaji nyuki, nao walikuwa na programu ya zamani ya kuandika ndoo za asali na malipo ya wanachama. Nikaweka Linux, nikaweka Wine, nikaielekeza D folda moja ndani kupita kiasi. Programu yao ilikuwa ya aina ile yenye upole mbaya: isipoona data zake, haipigi kelele, inatengeneza mpya tupu. Ikafunguka vizuri, nikapokea hela yangu nikaondoka. Mhasibu wao akaingiza mapokezi ya siku mbili kwenye kitabu kitupu, mpaka mwanachama mmoja alipokuja kuulizia salio lake akaambiwa hajawahi kuleta asali. Data za zamani zilikuwa salama kabisa, mlango mmoja nyuma. Lakini sasa palikuwa na vitabu viwili, na kuviunganisha ilibidi tukae usiku na karatasi, ndoo kwa ndoo. Ndiyo maana nilikwambia pale juu ujibu hapana. Programu yenu angalau imesema ukweli kwamba haioni, mshukuru yule kijana.

Nne, kabla ya kufungua programu, muulize mkalimani mwenyewe anaelewa nini. Ipo amri ndogo inaitwa winepath, na ningekuwa na uwezo ningeibandika kwenye kila kompyuta yenye Wine. Andika

winepath -u 'D:\DAGAA\Madeni'

Tazama, njia nimeifunga kwa alama za kunukuu ili terminali isile mikwaju. Jibu litakuwa kama /home/stoo/.wine/dosdevices/d:/DAGAA/Madeni. Linakwambia mkalimani anapita kwenye kibao cha d: kisha DAGAA kisha Madeni. Linakili jibu hilo, andika ls, acha nafasi, libandike hapo, na ukiona mafaili yenu yanaorodheshwa, kazi imekwisha. Ukitaka kinyume chake, una njia ya Linux na unataka kujua programu ya Windows iiteje, ni winepath -w. Kitu kilicho nje ya C na D kitakujia na Z mbele, kwa kuwa Z ni reli nzima.

Mkalimani huyu anakufanyia jingine ambalo huenda hujaliona. Kwa Windows, Madeni, MADENI na madeni ni kitu kimoja. Kwa Linux ni vitu vitatu tofauti. Kijana wenu huenda aliandika "madeni" kwa herufi ndogo sehemu moja ya programu na "MADENI" sehemu nyingine, na Windows haikuwahi kumsuta. Wine inambeba: isipolikuta jina kama lilivyoandikwa, inapekua folda nzima kutafuta linalofanana bila kujali ukubwa wa herufi. Inafaa, ila ina gharama. Folda yenye maelfu ya risiti ikipekuliwa kila mara itakuwa nzito kufunguka, kwa hiyo ni vizuri risiti zikagawanywa kwa miaka. Na ukiwa na Risiti12.pdf na risiti12.pdf ndani ya folda moja, jambo ambalo Linux inaliruhusu bila kukuonya, programu itakuletea mojawapo, na huenda siyo uliyoitaka.

Hilo linatufikisha kwenye risiti zinazogoma. Zote ulizoskani baada ya Linux kuja, na hapo nadhani umeshaanza kunikisia. Linux haina ukali kuhusu majina. Karibu alama yoyote inakubali, isipokuwa mkwaju wa kawaida, kwa kuwa ndio unaotenga folda. Windows inakataza tisa:

< > : " / \ | ? *

Sasa wewe ukiwa unaskani, mtu wa kawaida tu, unaandika "Deni la Mama Rehema: nusu?.pdf". Linux inasema sawa. Programu yenu ikifika hapo, nukta pacha inaijua kama alama inayofuata herufi ya diski, na alama ya kuuliza kwa Windows ni "herufi yoyote moja", inayotumika kutafutia. Jina zima kwake halisomeki kama jina. Hata ingetaka kulifungua, haina namna ya kulitamka. Vilevile nukta au nafasi mwishoni mwa jina, kama "Risiti 14 ya Juma.", Windows ina kawaida ya kuikata kimyakimya, na ikishaikata inatafuta jina ambalo halipo. Zichukue zile zinazogoma, moja moja, uzipe majina ya herufi, namba na vistari tu: deni-rehema-nusu.pdf. Nina uhakika kiasi kwamba nyingi zitafunguka palepale. Itakayoendelea kugoma, tazama urefu: programu za zamani za Windows zina ukomo wa herufi 260 kwa njia nzima kuanzia herufi ya diski, na folda za mtindo wa "Nakala ya nakala ya risiti za zamani" zilizopangwa moja ndani ya nyingine hufika huko upesi kuliko unavyodhani.

Kwa kuwa tuko hapo, usije ukaipa folda jina la CON, AUX, PRN au NUL. Ni majina ya vifaa tangu enzi za DOS na Windows haijayaachia mpaka leo. Nilishawahi kuona mtu mwenye folda ya nyaya za redio aliyoiita AUX akihangaika nayo mchana kutwa.

Nije kwa fundi wa pili. Wine si virusi. Lakini katika maneno yake kuna chembe ya ukweli, na nisingependa uipuuze kwa sababu tu amekosea jina. Mkalimani hachagui maneno ya kutafsiri. Ukifungua kirusi cha Windows kutoka kwenye flashi ya mteja kwa kutumia Wine, kitaendeshwa kama programu nyingine, na kwa kuwa kibao cha z: kinaelekea kwenye reli nzima, kinaweza kugusa kila faili ambalo wewe una ruhusa ya kuligusa, DAGAA ikiwemo. Unaweza kuiondoa Z kwenye winecfg, na mimi ningeiondoa kama programu yenu haiitumii, ila usiuhesabu huo kuwa ukuta. Programu iliyo ndani ya Wine ikitaka inaweza kuzungumza na Linux moja kwa moja bila kupitia kibao chochote. Kinga yako ya kweli ni kutofungua vitu usivyovijua, na kutoendesha Wine kamwe kwa kutanguliza sudo, neno linaloipa amri mamlaka yote juu ya kompyuta. Mtu akikwambia "weka sudo itakubali", usimsikilize, hata akiwa mimi.

Kurudisha Windows? Ni njia halali, na nisingekudanganya kwamba Linux ndiyo dawa ya kila kitu. Mngekuwa na programu tano za Windows zinazotegemeana, na mashine ya risiti yenye programu yake ya kuiendesha, ningekwambia rudini. Lakini pigeni hesabu. Windows 7 iliachwa kuhudumiwa Januari 2020, na Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mnaongelea Windows 11, ambayo kompyuta nyingi za mtumba haizikubali, pamoja na leseni ya kulipia. Ile ya bure ya kwenye flashi ya fundi ndiyo mara nyingi inayokuja na virusi vilevile mlivyovikimbia. Ipo pia njia ya kati, ya kuendesha Windows nzima ndani ya dirisha la Linux kwa VirtualBox. Inafanya kazi vizuri, lakini mnakuwa na mifumo miwili inayogombea kumbukumbu ya kompyuta moja, na kwenye mashine ya GB 4 utapika ugali ukasubiri ripoti ifunguke. Kwa programu moja ndogo ambayo tayari inafunguka kwenye Wine na ilichokosa ni D tu, ningebaki hapo mlipo.

Wasiwasi wangu kwenu ni kitu kingine kabisa, na hakihusiani na Linux. Madeni ya watu, tangu 2009, yako ndani ya programu ambayo aliyeitengeneza hapatikani. D ikishaonekana, ingia kwenye folda ya DAGAA uangalie kuna faili linaloishia na .mdb. Programu nyingi ndogo za miaka ile ziliweka data humo. Ukilikuta, Linux ina vifaa vinavyoitwa mdbtools. Amri ya mdb-tables inakuorodheshea majedwali yaliyomo, na mdb-export inatoa jedwali moja moja kwenye faili la CSV linalofunguka kwenye LibreOffice kama daftari la kawaida. Fanya hivyo kila mwisho wa mwezi. Programu ikigoma siku moja bila kurudi, mzee atakuwa na orodha ya nani anadaiwa nini.

Kuhusu kuifanya diski ya DATA ijifunge yenyewe kila asubuhi, Mint ina programu inaitwa Disks yenye sehemu ya kuweka hilo. Hapa ningependa umwite mtu anayeijua Linux akae na wewe, kwa sababu mipangilio hiyo ikikosewa kompyuta inaweza kugoma kuwaka. Ni kazi fupi. Kwa sasa ibofye tu DATA kila ukifungua ofisi, kabla ya programu.

Na kuna hali ambazo hata usijaribu haya niliyoandika, peleka kompyuta kwa mtu. Diski ikitoa sauti ya kugonga au kukwaruza, izime. DATA ikiacha kuonekana kabisa kwenye kidhibiti cha mafaili, au ikikuomba uipange upya, usikubali, na usiendelee kuitumia mashine. Ikifunguka lakini ikakukatalia kuandika chochote ndani yake, kuna uwezekano Windows ya zamani haikuifunga vizuri. Ni tatizo la kutibika, ila linataka mkono unaolijua. Fundi utakayempata Mwanga au Ujiji, au popote pale, mpime kwa swali moja kabla hajagusa kitufe: "Nakala utaiweka wapi?" Akikwambia haina haja, beba kompyuta yako urudi nayo.

Mambo yakienda sawa, siku ya kwanza usiingize deni jipya. Chukua daftari la mkono, lile najua mnalo, tafuta deni la mwisho mliloandika kabla fundi wa kwanza hajaja. Fungua programu, nenda kwenye madeni, tafuta jina hilohilo. Tarehe na kiasi vikilingana, mwite mzee aje aone mwenyewe kwenye skrini. Visipolingana, usiguse kitu. Niandikie majibu ya ile winepath neno kwa neno, nitajua mlango gani umekosewa.